Uzinduzi wa Mlango wa Ndege

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo wasomaji wangu msianze kukonyezana. Ni nchi ya watu wapole, yenye rais mmoja, mto mmoja na ndege moja. Katika hivyo vitatu, ni mto tu uliokuwa haujazinduliwa, kwa sababu ulikuwepo kabla ya serikali, na wataalamu walikuwa bado wanatafuta namna ya kulirekebisha kosa hilo.

Maana katika nchi hiyo kitu kisichozinduliwa hakihesabiwi kuwa kipo. Bomba la maji likitengenezwa, hakuna anayekinga ndoo mpaka kiongozi aje, akate utepe, aonje maji, akohoe kidogo na kuwaambia wananchi walitunze. Tuta la barabarani huzinduliwa. Shimo lililozibwa huzinduliwa, na likifumuka huzinduliwa upya. Kuna mkoa wenye hospitali ya rufaa ambayo ni jiwe la uzinduzi peke yake, limesimama kwenye majani, na wagonjwa hulizunguka kwa heshima kisha hurudi nyumbani. Sheria ya Mawe inasema kwamba kila kazi ya umma, kubwa kwa ndogo, lazima iwekewe jiwe la marumaru lenye jina la mzinduzi, na jiwe hilo likae "juu ya kazi yenyewe, si pembeni yake." Kulitoa ni kosa lililo jirani kabisa na uhaini.

Mwanamvua Kitwana hakuwa na ugomvi na sheria hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mitatu, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba nyuma ya shingo na tabia ya kugonga vitu kwa kifundo cha kidole ili asikie vinasemaje. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkaguzi wa ndege ile moja, iliyoitwa Fahari na iliyozinduliwa kabla ya Sheria ya Mawe, na Fahari haikuruka bila sahihi yake. Aliipenda ndege hiyo waziwazi, hata mumewe alishazoea. Mawe ya uzinduzi aliyaona kuwa ni mambo ya majengo, na yeye hakuwa mtu wa majengo.

Mwaka huo ukaja waraka kutoka kwa watengenezaji, ng'ambo. Milango ya ndege za aina ya Fahari ilikuwa imeonekana kuchoka. Waraka ulitaka bawaba na pini za makomeo zikaguliwe moja moja, zilizochoka zitolewe na kuwekwa nyingine zilizo nene zaidi. Baada ya hapo, mlango usitobolewe wala kuongezewa uzito wowote, hata wa kibandiko, mpaka watengenezaji waulizwe kwa maandishi. Mwanamvua akafanya kazi siku nne. Siku ya nne asubuhi akaufunga mlango, nao ukajifunga kwa sauti ndogo ya kuridhika. Akaugonga, akasikiliza, akatabasamu, akaenda ofisini kutoa taarifa.

Aliyekuwa ofisini ni Bwana Zahoro Mtepa, Afisa Mkuu wa Uzinduzi wa Shirika la Ndege. Shirika lilikuwa na ndege moja, marubani wawili, mkaguzi mmoja na maofisa uzinduzi kumi na tisa.

"Umemaliza lini?" akauliza Bwana Zahoro.

"Leo asubuhi. Ndege iko tayari kwa safari ya Jumamosi."

"Mlango umeshatumika?"

"Nimeufungua na kuufunga mara hamsini, kama waraka unavyotaka."

Bwana Zahoro akashika kichwa. "Mara hamsini! Haujazinduliwa, na wewe umeshaufungua mara hamsini! Bi Mwanamvua, mama yangu, unataka tufukuzwe kazi wote?"

"Si mlango mpya, Bwana Zahoro. Ni ule ule. Nimebadilisha bawaba na pini tu."

"Umeuboresha?"

"Nimeuboresha."

"Kwa kazi ya umma?"

"Kwani ndege ni ya shangazi yangu?"

"Basi huo ni mradi," akasema Bwana Zahoro, akafungua daftari lake. "Na mradi una jiwe."

*

Mwanamvua alidhani ni mzaha wa ofisini. Jumatatu saa moja asubuhi akafika karakana na kuwakuta waashi wawili wamesimama kwenye jukwaa la miti, wakiwa na karai la zege, pimamaji na mashine ya kutoboa ukuta. Jiwe la marumaru nyeusi, kilo thelathini na nane, lilikuwa tayari limebanwa kwenye mlango wa Fahari kwa boliti sita, na mwashi mmoja alikuwa anazibaziba kingo kwa saruji.

"Shikamoo mama," akasema yule mwashi. "Samahani, ukuta wenu huu mbona mwembamba hivi? Tumegusa tu, mashine ikatokea upande wa pili. Aliyejenga hapa aliwaibia."

Mwanamvua akavaa miwani yake. Akapanda jukwaa, akatazama. Boliti mbili zilikuwa zimepita upana wa kidole gumba tu kutoka kwenye bawaba ya juu, ile aliyoifunga yeye mwenyewe kwa kipimo cha nywele. Kutoka kwenye matundu yale ulikuwa umeanza ufa mwembamba. Akaugonga mlango. Ulijibu kama debe.

"Toeni!" akasema. "Toeni hiki kitu sasa hivi!"

Waashi wakarudi nyuma hatua mbili, wakaangalia kama kuna aliyesikia. "Mama," akanong'ona yule wa saruji, "mimi nina watoto. Jiwe likishakaa halitoki."

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Mapaa na Mambo ya Angani, Dokta Injinia Peleka Msonde, alifika saa tatu baada ya saa iliyotangazwa, jambo lililochukuliwa kuwa ni kuwahi. Ngoma zikapigwa. Wanafunzi wakaimba wimbo wenye beti kumi na moja kuhusu mlango. Waziri akavuta kamba, kitambaa kikaanguka, jiwe likang'aa kwa herufi za dhahabu: MLANGO HUU WA NDEGE UMEZINDULIWA RASMI NA MHESHIMIWA. Jina lake na shahada zake vilichukua nafasi yote iliyobaki, pamoja na kipande cha dirisha.

"Ndugu wananchi," akasema Waziri, "wapo waliosema hatuwezi kuwa na mlango. Leo mlango huu hapa!" Makofi. "Nawauliza, kabla ya serikali hii kuingia madarakani, watu walikuwa wanapandaje ndege?" Wananchi wakatazamana, hakuna aliyekumbuka. "Hamna jibu, kwa sababu halipo. Utunzeni mlango huu. Msifulie nguo karibu yake. Msifungie mbuzi."

Makofi yakapigwa mpaka vumbi likatimka. Mwanamvua alikuwa nyuma kabisa, mikono ndani ya ovaroli, anapiga hesabu ya ufa.

*

Kesho yake akakataa kutia sahihi. Ikaundwa kamati ya watu saba, sita kati yao wakiwa maofisa uzinduzi. Wa saba alikuwa mwenye chumba cha mkutano.

Mwanamvua akaja na waraka, na kipande cha bati alichokipasua ili waone ufa unavyotembea. Akawaeleza polepole. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huusukuma mlango utoke nje. Husukuma kwa nguvu nyingi mno, kama ng'ombe arobaini wanaotaka kutoka zizini kwa pamoja. Mlango mzima huwazuia. Mlango wenye matundu sita, ufa, na jiwe la kilo thelathini na nane hautawazuia hata safari moja.

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kutafakari.

"Ng'ombe wa kienyeji au wa kisasa?" akauliza mjumbe mmoja.

"Ni mfano tu, ndugu mjumbe."

"Naelewa ni mfano. Lakini wa kisasa ni wazito zaidi. Iandikwe."

Ikaandikwa. Mjumbe mwingine akapendekeza liwekwe jiwe la pili upande wa kulia, la uzito ule ule, ili ndege isilalie upande mmoja. Wazo hilo likapigiwa makofi, na Mwanamvua akaona kabisa mtu anachora mahali pa boliti.

"Dawa ni kulitoa jiwe na kuagiza mlango mwingine," akasema. "Basi."

Bwana Zahoro, aliyekuwa mwenyekiti, akamtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na cheo tu. "Mama yangu, kwanza kutoa jiwe ni jela. Tuseme umesamehewa. Kutoa jiwe ni marekebisho ya mlango, au siyo?"

"Ndiyo."

"Marekebisho ni mradi. Mradi unazinduliwa. Ukizinduliwa, unawekewa jiwe. Jiwe linakaa wapi?"

Mwanamvua akakunja waraka wake.

"Juu ya kazi yenyewe," akajijibu Bwana Zahoro. "Kwa hiyo utalitoa jiwe ili tuweke jiwe. Tutakuwa tumefanya nini?"

Kamati ikahitimisha kwa azimio kwamba jiwe limekaguliwa na kuonekana ni zima, halina ufa wala doa, na kwa kuwa jiwe ni zima na liko juu ya mlango, mlango nao ni mzima. Fahari ingeruka Jumamosi saa nne asubuhi, na abiria sabini na wanne walioshakata tiketi. Mwanamvua akapewa mpaka Alhamisi adhuhuri kutia sahihi.

"Na nisipotia?"

"Alhamisi alasiri nitazinduliwa mimi kuwa mkaguzi," akasema Bwana Zahoro, akiwa kama anaomba radhi. "Mafunzo ni dakika arobaini, pamoja na chai. Jiwe langu limeshachongwa."

*

Hapo Mwanamvua akaelewa kwamba kukataa kwake hakumwokoi mtu. Angekaa nyumbani na dhamiri yake safi, na sahihi ya Zahoro ingewapeleka watu sabini na wanne juu ya mawingu. Alilia kidogo kwenye karakana, amekaa kwenye gurudumu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akanawa uso, akavua ovaroli, akavaa gauni lake la harusi za watu, akaenda Wizarani.

Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi ya Jumatano mpaka saa tisa mchana. Alipoingia, akamwinamia Waziri. "Shikamoo, Mheshimiwa." Waziri alikuwa mdogo kwake kwa miaka tisa, lakini nchini humo shikamoo hupanda kwa cheo, haishuki kwa umri.

"Marahaba, bibi. Wewe ndiye wa ule mlango wangu?"

"Ndiye, Mheshimiwa. Nimekuja kwa sababu ya lile jiwe lako. Roho inaniuma."

Njiani alikuwa amepanga kusema habari za ufa na boliti. Lakini ukutani, nyuma ya kiti cha Waziri, aliona picha za mawe, labda mia mbili, zimepangwa kwa mwaka, kila moja na fremu yake, na hapakuwa na picha ya kitu chochote kilichozinduliwa. Akabadilisha hotuba palepale.

"Jumamosi wanataka kulirusha," akasema.

"Kulirusha nini?"

"Jiwe, Mheshimiwa. Litakwenda na ndege. Futi elfu ishirini juu. Sasa mimi najiuliza, huko juu nani atalisoma?"

Waziri akaweka kalamu chini.

"Si wananchi watalisoma wakiwa wanapanda?"

"Mlango ukifunguliwa unalala ubavuni, Mheshimiwa. Maandishi yanaelekea kwenye injini. Wakishakaa, jiwe liko nje na wao wako ndani. Anayeliona ni kunguru tu, na kule juu hata kunguru hafiki. Kuna mvua, kuna barafu. Dhahabu ile ya kwenye shahada zako, safari tatu hivi, itabaki 'Dokta' peke yake. Au isibaki."

"Hawa watu ni wajinga!" Waziri akasimama. "Nani aliidhinisha jiwe langu lisafirishwe?"

"Kamati, Mheshimiwa."

"Wewe ungefanyaje?"

Mwanamvua akaifuta miwani yake kwa ncha ya gauni. Alijua anachokwenda kusema, na alijua kinamnyang'anya nini. Kwa muda mfupi akaiona Fahari ikiinua pua pale mwisho wa uwanja, kama alivyoiona kila juma kwa miaka ishirini na miwili, yeye akiwa amesimama na kitambaa cha mafuta mkononi.

"Ningeitangaza ndege nzima kuwa kumbukumbu ya taifa," akasema. "Kumbukumbu haisogezwi hata hatua moja, ndivyo sheria inavyosema. Ikae pale uwanjani, watu waje kulisoma jiwe. Shule zije. Wageni waje. Ndege zipo nyingi duniani, Mheshimiwa, lakini iliyobeba jiwe sijapata kuisikia."

Waziri alimtazama, machozi yakimlengalenga.

"Bibi," akasema, "watu kama wewe mko wapi siku zote?"

"Karakana, Mheshimiwa."

*

Jumamosi saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo Fahari ingekuwa inapaa, ilikuwa imezungukwa na minyororo iliyopakwa rangi nyeupe, tayari kuzinduliwa kuwa kumbukumbu. Abiria sabini na wanne walikuwa wameketi chini ya maturubai na mizigo yao, kwa sababu wengine walipata habari wakiwa wameshafika, na waliopata mapema walikuja ili wagombe.

Aliyegomba kuliko wote ni Mama Ng'walu, bibi mwenye kanga mbili na kuku kwenye kikapu. Bintiye alikuwa amejifungua upande wa pili wa nchi, mwendo wa siku mbili na nusu kwa barabara iliyozinduliwa mara sita. Alimshika Mwanamvua mkono kwa nguvu.

"Wanasema ni wewe ndiye uliyeizuia ndege. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Mjukuu wangu wa kwanza! Nilikufanyia nini mimi?"

"Hukunifanyia kitu, mama."

"Mungu anakuona," akasema Mama Ng'walu, akarudi kwenye kiti chake. Mwanamvua alitamani kumwambia, lakini Bwana Zahoro alikuwa ameshamwonya kwamba siku ya uzinduzi haisemwi habari ya ufa. Maneno ya bibi yule yalimchoma.

Ngoma zikapigwa. Wanafunzi wakaimba beti kumi na moja za juzi, wameongeza mbili. Bwana Zahoro alikuwa amelifunika jiwe kwa pazia jekundu, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kufungia kamba, aliifunga kwenye mkono wa mlango. Waziri akasogea kwenye zulia, akatabasamia kamera, akavuta.

Pazia halikuanguka. Mkono wa mlango ndio uliozunguka. Mlango ukafunguka nusu, ukaning'inia kwenye bawaba ya juu muda wa mtu kuvuta pumzi, kisha bawaba ikachanika na mlango mzima ukashuka, pamoja na jiwe na pazia, ukapiga zulia shubiri moja kutoka kwenye viatu vya Mheshimiwa Waziri. Jiwe likapasuka katikati ya shahada ya pili. Kuku wa Mama Ng'walu akaruka kutoka kikapuni.

Waziri alikuwa amebaki na kamba mkononi. Akamwona Mwanamvua karibu yake, akanong'ona mbali na kipaza sauti, kwa sauti ya mtu wa kawaida kabisa.

"Bibi. Hii ingekuwa huko juu?"

"Ingekuwa juu, Mheshimiwa."

Waziri akatazama mbinguni. Kwa sekunde tatu nchi ile ilikuwa na waziri aliyeelewa jambo. Kisha akaona kamera, akaona wananchi, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Mmejionea wenyewe nidhamu ya mlango huu! Mlango wa nchi nyingine ungeangukia popote. Huu wa kwetu umesubiri ndege iwe chini, viongozi wawepo, ndipo ukaanguka! Makofi kwa mlango!"

Bwana Zahoro akainua mkono, na makofi yakapigwa. Ikaagizwa palepale kwamba mahali mlango ulipoangukia pajengewe uzio.

Kilichobaki kwenye ratiba ni neno la shukrani. Katika nchi hiyo kila uzinduzi hufungwa na mfanyakazi wa chini anayeshukuru kwa dakika moja, na neno lake huandikwa na Afisa Uzinduzi. Bwana Zahoro akamkabidhi Mwanamvua kikaratasi, akamwonyesha kwa kidole: soma hapa, malizia hapa.

Mwanamvua akakisoma kimoyomoyo, akakikunja, akakitia mfukoni. Akavaa miwani yake vizuri.

"Wenye tiketi za leo saa nne," akasema, "naomba msimame."

Watu wakanong'ona. Wengi walidhani limepatikana basi. Wakaanza kusimama, wanaokota mizigo, wanawainua watoto, wanakung'uta nguo. Mzee mmoja alisaidiwa na wawili. Mama Ng'walu alibaki ameketi, uso kaugeuza pembeni.

"Na wewe, mama," akasema Mwanamvua. "Nakuomba."

Mama Ng'walu akasimama, kuku mkononi.

Wakawa wamesimama wote sabini na wanne, wakikabili ndege yenye tundu kubwa ubavuni na mlango uliolala juu ya zulia. Mwanamvua aliwapitia kwa macho, safu kwa safu, kutoka kiti cha mbele mpaka cha mwisho, bila haraka. Bwana Zahoro alikuwa anamwonyesha saa. Taratibu minong'ono ikapungua. Mtu mmoja akaangalia mlango, akaangalia saa yake, akaangalia juu. Kisha jirani yake. Mama Ng'walu akafunika mdomo kwa kanga.

Mwanamvua akahisi machozi yanamtoka, akayaacha.

"Nilitaka niwaone tu," akasema. "Asanteni. Kaeni."

Hakuna aliyekaa.